Pishi Mbili Zisizo na Jina

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Tuambie wewe!
Mikono?
— Inapukuchua!
Masikio?
— Yanakungoja!

Haya. Mahindi haya hayatajipukuchua yenyewe, nami simsimulii mtu aliyekunja mikono. Kila mmoja na hindi lake. Wewe uliyekaa mlangoni sogea ndani, unanizibia upepo. Vizuri.

Zamani za bibi wa bibi yangu palikuwa na mji ukiitwa Ngareza. Mji ule uliwahi kupigwa na njaa. Njaa mwaka wa kwanza. Njaa mwaka wa pili. Njaa mwaka wa tatu. Watu walikula mizizi, wakala maganda, wakachemsha hata ngozi za viti walivyokalia. Mvua iliporudi na watu wakashiba, walikaa wakasema: hii isitukute tena. Wakajenga ghala moja la udongo, wakaliita Ghala la Wote. Mwenye nafaka alete. Asiye nayo aje achukue.

Wakaliwekea masharti matatu. Anayeleta asitajwe. Anayechukua asichekwe. Anayetunza asile. Mmesikia? Semeni nami.

— Anayeleta asitajwe! Anayechukua asichekwe! Anayetunza asile!

Basi nyuma ya ghala wakatoboa tundu ukutani, kubwa kiasi cha kupita kikapu. Ukitaka kutoa, unakuja nyuma, unagonga mara tatu, unasukuma kikapu chako. Mkono unakipokea ndani, unakirudisha kitupu. Husemi neno, nawe huambiwi neno. Wanaochukua wao hupita mlango wa mbele, mchana kweupe.

Mtunzaji wa ghala alikuwa mwanamke mmoja mtu mzima, Bi Nyamvula. Huyo kwa maneno hakuwa na mpinzani! Angekuambia nani kagombana na mumewe, mbuzi wa nani kala mboga za nani, na sufuria ya nani imeungua. Lakini jambo la tunduni hakusema. Hata kwa mumewe alipokuwa hai, hakusema.

Na msidhani alikuwa akipokea ovyo. Hapana. Kikapu kikiingia, alichukua kibaba cha mji, akapima. Vibaba vinne ni pishi moja. Kila pishi iliyoingia alisuka chane nyeupe ya ukindu katika mkeka. Kila pishi iliyotoka alisuka chane nyeusi. Mkeka ule ulitundikwa mlangoni, kila mpita njia akauona: kiasi hiki kimeingia, kiasi hiki kimetoka. Majina hayakuwemo.

Sasa palikuwa na mtu mmoja, Tandika, mwenye shamba kubwa na sauti kubwa kuliko shamba. Huyo hakupenda tundu. Sharti lilisema anayeleta asitajwe. Halikusema asijitaje! Basi mwaka mmoja, baada ya mavuno, akaanza yake: kila Ijumaa alipita mlango wa mbele, kikapu begani, anapiga kelele tangu sokoni: "Tandika huyo! Pishi kumi za Tandika! Nipisheni nitue!" Watu wanashangilia, na yeye anafuta jasho ambalo halijatoka.

Na desturi ya Ngareza ilikuwa kwamba kitu cha mkubwa kikija na jina lake, hakipimwi. Kumpimia mtu mzima zawadi yake mbele ya macho yake ni kama kumwita mwongo. Bi Nyamvula alikuwa na adabu zake. Akisikia "pishi kumi za Tandika," anainama, anashukuru, anamimina, anasuka chane kumi nyeupe. Wewe unayeguna hapo, ngoja.

Mbali na Tandika, palikuwa na mwingine. Huyu nitawaambia nyinyi, kwa kuwa Ngareza ni mbali na watu wake wamekwisha kupita. Kila Ijumaa baada ya sala, tundu liligongwa mara tatu, taratibu. Kikapu kikaingia na pishi mbili za mtama. Mtama safi, hauna jiwe, hauna kapi. Na ndani yake daima palikuwa na pilipili kavu tatu zilizofungwa pamoja kwa unyuzi wa mgomba, za kufukuza wadudu. Bi Nyamvula alizitoa zile pilipili kabla hajaumimina mtama ghalani. Alijua kwa nini anazitoa. Fundo lile alilijua. Na mkono ule aliujua, kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatika kipande.

Ulikuwa mkono wa Mzee Ngwali.

Mzee Ngwali alikuwa na binti mmoja tu, Mashavu. Mashavu alipendana na mpiga zumari, mtu wa kupita, hana shamba wala ukoo. Baba akakataa. Binti akang'ang'ana. Siku ya ndoa baba akaja, si kwa baraka. Akasimama katikati ya watu, akasema: "Tangu leo, punje ya shamba langu haitaingia kinywani mwako."

Na binti naye ni binti wa babake. Akajibu: "Ikiingia, nitaitema."

Watu walisikia. Ngoma ikanyamaza. Mashavu akaondoka na mumewe usiku uleule.

Mwaka ukapita, mama yake Mashavu akafariki, na habari hazikumfikia mpaka arobaini imekwisha. Mwaka mwingine ukapita, homa ikamchukua mpiga zumari. Mashavu akarudi Ngareza na mtoto wa kike mgongoni, Chiku. Hakwenda kwa baba yake. Alipanga kibanda upande wa pili wa mji, akasuka mikeka, akateka maji ya watu. Haikutosha. Basi kila Jumamosi alikwenda Ghala la Wote, kwa mlango wa mbele, akachukua pishi yake moja. Na kila Ijumaa, kabla ya Jumamosi hiyo, Mzee Ngwali aligonga tundu.

Umeelewa sasa? Binti hajui. Baba hataki ajue. Mtoto anakula.

Sasa ikatokea mwezi uleule alioanza Tandika. Jumatano moja mama wa watoto watano alikuja na ungo wake, akakuta ghala limekauka. Akaondoka na ungo mtupu. Alhamisi akaja mzee kipofu, akaondoka mtupu. Ijumaa wakaja wengine wawili. Watu wakautazama mkeka mlangoni. Wakahesabu chane nyeupe, wakahesabu chane nyeusi. Nyeupe zilizidi kwa kumi na mbili. Mkeka unasema zimebaki pishi kumi na mbili, ghala lina vumbi!

Wakaenda kwa Jumbe Kondo. Tandika ndiye aliyetangulia kusimama.

"Jumbe, mimi simtuhumu mtu," akasema. "Nauliza tu. Pishi kumi na mbili zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda wapi?" watu wakaitikia.

Msimzomee. Swali lilikuwa la haki. Mtu akiweka chakula cha watoto mikononi mwako, ana ruhusa ya kuuliza kimefika wapi. Aliyerudi nyumbani na ungo mtupu ana ruhusa zaidi.

"Nyamvula," akasema Jumbe, "umezila?"

"Sikuzila, Jumbe."

"Umempa mtu?"

"Sikumpa mtu nisiyemsuka mkekani."

"Basi zimekwenda wapi?"

Bi Nyamvula hakujua. Mwanamke yule mwenye jibu la kila kitu, siku hiyo hakuwa nalo.

Tandika akanyoosha mikono. "Ni hilo tundu, Jumbe! Vitu vinaingia bila jina, vinatoka bila mwenyewe. Watajwe wote wanaoleta. Fulani kaleta hiki, fulani kaleta kile. Anayefanya wema anaficha nini? Mimi natajwa kila Ijumaa na sijaumwa hata kichwa."

Watu wakacheka, wakakubali. Jumbe akakuna ndevu. Alikuwa mtu mwema, ila alichoka upesi. "Nyamvula, Ijumaa ijayo utasimama mbele ya mji utataja kila jina. Ukikataa, ufunguo wa ghala nampa Tandika, na tundu lizibwe."

Bi Nyamvula akarudi nyumbani. Akitaja, Mashavu atajua mtama ni wa nani. Na alimjua Mashavu. Mtoto atalala na njaa.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Mzee Ngwali. Alimkuta barazani na ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mtama.

"Ngwali, Ijumaa usije."

"Nisije?"

"Usije, ili nisiwe na jina la kutaja."

Mzee akaendelea kuchagua. "Na mtoto atakula nini, dada?"

Bi Nyamvula akaketi kando yake.

"Amekuwa mrefu," Mzee Ngwali akasema. "Hupita na mama yake hapo njiani wakienda kisimani. Zamani alikuwa hafiki kwenye mtungi. Sasa anaushika masikio." Hakuwahi kumgusa mtoto yule. Hakuwahi kusikia hata sauti yake vizuri.

"Kwa nini usiende tu kwake?"

"Nilisema mbele ya watu mia, dada. Nitaanzaje mbele ya mmoja?"

Bi Nyamvula akatoka pale, akaenda moja kwa moja upande wa pili wa mji. Mashavu alikuwa akitwanga.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali, usinikasirikie. Siku ukisikia ghalani mnaingia mtama wa shamba la baba yako, utafanyaje?"

Mchi ukasimama hewani.

"Nitafanya nilivyosema."

"Hata leo?"

"Nikila chake atasema amenishinda. Nitateka maji mpaka mikono ikatike, Bi. Chake sili."

"Na Chiku?"

Mashavu akamtazama mtoto, amekaa chini anachezea pumba, midomo imejaa unga. "Usiniulize hivyo," akasema. Kisha akalia. Alilia kwa kwikwi, mchi mkononi, na Bi Nyamvula akamshika kichwa kama alivyowahi kumshika alipokuwa mdogo. Nami nikifika hapa, msinitazame, pukuchueni.

Basi Bi Nyamvula akarudi ghalani, akakaa chini ya mkeka wake, akaanza kusuka ili afikiri. Akasuka, akafumua. Akasuka, akafumua. Akasuka. Mara ya tatu akasimama, akacheka peke yake, akaenda kwa Jumbe.

"Jumbe, mji unataka kujua nini? Nani kaleta, au nini kimeletwa?"

"Vyote."

"Tuanze na kimoja. Ijumaa mji mzima upite tunduni. Mwenye nafaka na asiye nayo. Anayeleta na asiyewahi kuleta. Vikapu vya mji vyote vikusanywe Alhamisi, vichanganywe, kila mtu achukue kisicho chake, akifunike. Asiye na kitu alete kitupu. Mimi nitavipokea ndani, nitavitoa mbele bila kuvifungua, mashahidi wako wakinitazama. Pale mbele kila kikapu kipimwe kwa kibaba cha mji, mji ukiona. Na apime mmoja wa wanaokula ghalani, maana wao ndio walioumia."

"Na majina?"

"Mkishamaliza kupima, mkiwa bado mnayataka majina, ufunguo huu hapa."

Jumbe akakuna ndevu. Akaona halimgharimu kitu. "Nani atapima?"

"Mashavu binti Ngwali. Hana shemeji wala mjomba wa kumpendelea."

Hila nzuri, eeh? Lakini Bi Nyamvula, kwa furaha ile, alisahau jambo moja. Alisahau kurudi kwa Mzee Ngwali kumwambia asitie pilipili.

Ijumaa ikafika. Jamani, mji ule! Mtu amebeba kikapu cha jirani, jirani amebeba cha adui yake. Mstari umezunguka ghala mara mbili. Wazee, akina mama, hata Jumbe mwenyewe na kikapu kichwani. Mama wa watoto watano alibeba kikapu kitupu, kifuniko kimefungwa vizuri kama vya wengine, na hakuna aliyejua. Tandika alibeba alichopewa, ila alikuwa amekifunga kitambaa chekundu.

Ngo, ngo, ngo. Kikapu kikaingia. Ngo, ngo, ngo. Kikapu kikaingia.

Mbele Mashavu alipiga magoti kwenye jamvi, kibaba mkononi, Chiku kando yake. Anamimina, anapima, anasema kwa sauti: "Pishi moja. Pishi moja na kibaba. Kitupu. Pishi mbili, mfuto. Kitupu. Kitupu. Pishi moja, tele." Tele ni kile kibaba kinachojazwa mpaka kina kilele. Mfuto ni kilichosawazishwa kwa kiganja. Nyinyi mmezaliwa na mizani, lazima niwaeleze kila kitu.

Watu wakasogea karibu. Hawajawahi kuuona wema wao wote mahali pamoja, umerundikwa juu ya jamvi.

Kikatoka kikapu cha kitambaa chekundu. Nani aliweza kumzuia?

"Hicho changu!" akaruka Tandika. "Pishi kumi za Tandika! Hakuna haja ya kupima, binti, sema kumi!"

Mashavu akamtazama Jumbe. Mkono wake ulisita. Kumpimia mkubwa zawadi yake mbele yake!

"Leo kila kikapu kinapimwa," akasema Jumbe. "Pima."

Akapima. Pishi moja. Pishi mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Akainamisha kikapu, akakigonga kitako. Zikadondoka punje tatu.

"Pishi sita," akasema Mashavu kwa sauti ndogo.

Jumbe Kondo akatazama vidole vyake. "Ulikuwa umeleta Ijumaa ngapi ghala lilipokauka, Tandika?"

"Tatu."

"Kila mara zinapungua nne?"

Tandika akakivuta kitambaa chake chekundu.

"Nne, na nne, na nne," akasema Jumbe, vidole vikimwishia. "Kumi na mbili."

Basi hapo mji ukacheka! Ukacheka, ukashika mbavu. Bi Nyamvula kule ndani akaegemea ukuta, machozi yanamtoka. Miaka yote alipima kila punje iliyokuja bila jina, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkasirikia. Ile yenye jina aliipima kwa mdomo wa mwenyewe. Adabu yake ndiyo iliyokausha ghala.

Lakini mtu aliyechekwa na mji mzima ana uchungu. Tandika akapiga mguu chini. "Sawa! Nimepimwa, nimetajwa, nimechekwa. Basi na wengine nao! Mbona mimi tu? Hicho kinachofuata, kifunguliwe, mwenyewe asimame!"

Na watu, mnajua watu walivyo, wengine wakaitikia: "Asimame!"

Kikapu kilichofuata kilikuwa kimekwisha kutuliwa mbele ya Mashavu. Akaondoa kifuniko. Akamimina. Mtama mweupe, safi, hauna jiwe, hauna kapi. Na katikati ya jamvi zikadondoka pilipili kavu tatu, zimefungwa kwa unyuzi wa mgomba.

Mashavu akaziona. Fundo lile lilikuwa la mama yake. Mama yake ndiye aliyefunga hivyo, mara mbili kushoto, mara moja kulia, na hapakuwa na mwingine mjini aliyefundishwa isipokuwa yeye Mashavu na mzee mmoja aliyekuwa akimsaidia mkewe barazani.

Kati ya watu, Mzee Ngwali alitazama chini. Bi Nyamvula akasimama mlangoni na kikapu kingine mkononi.

"Vipi, binti?" akauliza Tandika. "Umeujua? Ni wa nani?"

Mashavu hakuinua kichwa. Mkono wake ukaenda juu ya pilipili, ukazifunika, ukafumba. Angeweza kusema. Neno moja tu, na yule mzee angesimama mbele ya watu mia walewale, ameaibika kama alivyomwaibisha yeye. Alikuwa ameingoja siku hiyo miaka mingapi?

Akachukua kibaba. Akapima cha kwanza. Akapima cha pili. Akapima mpaka cha nane, na kila kimoja kilikuwa na kilele.

"Umeulizwa, binti," akasema Jumbe. "Ni wa nani?"

"Ninachokiona ni mtama, Jumbe," akasema Mashavu. "Pishi mbili. Tele. Mwingine alete."

Akasogeza kikapu kando.

Jumbe akamtazama kwa muda. Sijui aliona nini. Kisha akageukia watu. "Nimeuliza kilichoingia, nimekiona. Nimeuliza zilizopotea, nimeziona. Kuanzia leo kila kinacholetwa kitapimwa, kiwe na jina, kisiwe nalo, kiwe changu. Mkeka ubaki mlangoni, na kila mwezi mmoja wa wanaokula aje apime. Majina mimi sina haja nayo tena. Nani bado anayataka?"

Watu wakaanza kuokota vikapu vyao. Tandika alikuwa ameketi juu ya kikapu chake, kichwa chini. Na huyu naye niwaambieni habari yake: Ijumaa ya mwezi uliofuata, Bi Nyamvula alipokea tunduni kikapu kizito ajabu, pishi kumi kamili, mfuto, na mkono uliokisukuma ulikuwa na jasho la kweli. Ni la nani, mimi sijui. Na wewe hujui.

Watu walipotawanyika Mashavu akaingia ghalani. Ngumi yake bado imefumbwa.

"Kwa muda gani, Bi?"

"Mimi sitaji watu, mwanangu."

"Sijakuuliza jina. Nimekuuliza muda."

Bi Nyamvula akaketi juu ya kinu. "Tangu Ijumaa ya kwanza uliporudi. Miaka miwili. Haijapita hata moja. Ile ya mafuriko mkono ulikuja umelowa mpaka begani, mtama mkavu, umefungwa ndani ya nguo."

Mashavu akahesabu. Uji wa asubuhi. Ugali wa jioni. Chiku alipoota meno, Chiku alipougua surua akapona, Chiku alipoanza kukimbia.

"Kumbe nimekula," akasema.

"Umekula."

"Na sikutema."

"Hukutema, mwanangu."

Akakaa chini kwenye vumbi la mtama akalia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine. Alipomaliza akafuta uso kwa kanga. "Ijumaa ijayo nipishe tunduni, Bi. Mara moja tu."

Ijumaa ijayo ikaja. Bi Nyamvula akajifanya ana kazi sokoni. Mashavu akawasha jiko mbele ya ghala, akasonga ugali, akaufunika. Akaja akakaa nyuma ya tundu na Chiku mapajani.

Ngo, ngo, ngo.

Kikapu kikaingia. Mashavu akakipokea, akapima, akasuka chane mbili nyeupe kwenye mkeka. Nje mkono wa mzee ulibaki tunduni, umefunguka, unangoja kikapu chake kitupu.

Chiku akauona. Watoto hawana masharti. Akateleza mapajani, akaweka kiganja chake kidogo juu ya kile kiganja kikubwa.

Mkono ule haukuondoka. Haukufumba. Ulitulia palepale kama mtu aliyetuliwa na ndege, anayeogopa hata kupumua.

"Mama, mkono huu umekauka," akasema Chiku. "Kidole hiki kimeenda wapi?" Kisha akauliza tunduni, kama alivyofundishwa kumuuliza kila mgeni afikaye nyumbani kwao: "Umekula?"

Tangu litobolewe, hakuna neno lililopita tundu lile. Tangu mkewe alipofariki hakuna aliyemuuliza mzee yule kama amekula.

"Bado," ikasema sauti ya nje.

Mashavu akafumba macho. Sauti ilikuwa imezeeka. Hakuijua kwanza, kisha akaijua yote.

"Mwambie azunguke mbele," akamwambia mtoto. "Mwambie mlango uko wazi, na chakula kipo."

Chiku akamwambia, neno kwa neno. Mkono ukachelewa kidogo, kisha ukaondoka. Wakasikia nyayo zikianza kuzunguka ukuta wa ghala, polepole, zikisimama, zikianza tena. Mashavu akanawa mikono, akapakua.

Nimeitua!
— Tumeipokea!
Imepimwa?
— Imepimwa, tele!
Nani kaileta?
— Hatumtaji!